Kabla hujaenda Darajani kununua prosesa

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikokota, lawama ya kwanza huiangukia prosesa, kipande kinachofanya hesabu zote za mashine. Jina lake limebandikwa mbele ya kasha, muuzaji hulitaja kabla ya kitu kingine chochote, na kila mtu ana jamaa aliyemwambia "tia i7 tu, utastarehe", yaani prosesa ya daraja la juu ya Intel. Lakini mashine nyingi zilizomo majumbani Unguja na Pemba ni zile Dell OptiPlex, HP za ofisini na Lenovo ThinkCentre zilizoletwa baada ya kutumika nchi za nje, na katika hizo prosesa aghalabu haina kosa. Kosa liko kwenye hadi diski (hard disk, inayohifadhi faili) iliyochoka, ramu (kumbukumbu ya kazi, Memory) ya GB 4, au vumbi lililoziba feni. Ukibadilisha prosesa hapo, pesa imekwenda na mashine itajikokota vile vile.

Jua kwanza kinachokwama

Iwashe mashine, iache dakika tano itulie, kisha fungua kazi ile ile inayokukera, kwa wingi wake wa kila siku. Kama ni kivinjari chenye kurasa kumi na mbili pamoja na Excel na WhatsApp, fungua vyote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litatoka dirisha la Task Manager. Ingia sehemu ya Performance, endelea na kazi yako huku ukilitupia jicho.

Disk ikiwa imeganda kwenye 100% na CPU inacheza kwenye 15 au 20, tatizo ni diski. Hadi diski ya kuzunguka husoma faili moja kubwa kwa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na hiyo si mbaya. Taabu ni kwamba Windows ikiwaka huchota maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kichwa cha diski lazima kisogee kukitafuta, zaidi ya milisekunde 10 kila safari. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hukipata kipande hicho kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. SSD ya SATA ya GB 240, ya inchi 2.5, huingia kwenye waya zile zile za SATA za diski ya zamani, na kwenye mashine ya 2012 huleta unafuu ambao i7 haiwezi kuuleta hata siku moja.

Memory ikipanda juu ya 85%, ongeza ramu. GB 8 ndicho kiwango cha kukaa bila ya ugomvi, 16 kama unahariri video. Tia vipande viwili vilivyo sawa badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa njia mbili, na mashine isiyo na kadi ya picha hutumia ramu hiyo hiyo kuchora skrini. Tizama aina kabla ya kulipa: Intel za kizazi cha 3 na cha 4 (kizazi ni namba inayoanza baada ya kistari: i5-3470 ni cha 3, i5-10400 ni cha 10) hutumia DDR3, na kuanzia kizazi cha 6 nyingi hutumia DDR4, ila si zote. OptiPlex 3040 na 5040 ni za kizazi cha 6 lakini zinachukua DDR3L, wakati 7040 inachukua DDR4. Pengo la kipande halilingani, kwa hiyo hakiingii, na ukikilazimisha utavunja kitako.

CPU ikikaa kati ya 90 na 100 muda wote wa kazi, huku diski na ramu zimepumzika, hapo prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Upo mtego mmoja lakini. Asilimia unayoiona ni wastani wa viini vyote, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake. Kwenye prosesa ya viini 4, kiini kimoja kikijaa hadi pomoni na vitatu vikilala, dirisha litaandika 25% tu, nawe utadhani prosesa haina kazi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya grafu, uchague ionyeshe kila kiini peke yake. Ukiona kimoja kimegonga juu na vingine viko chini, basi programu yako inatumia kiini kimoja. Kuongeza idadi ya viini hakutakusaidia, unahitaji kiini chenye kasi zaidi, maana yake kizazi kipya, na hicho kwa kawaida hakiingii kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani) uliyonayo.

Mashine inayochoka Januari

Kama kompyuta inakwenda vizuri Julai wakati wa kusi, halafu ikifika Januari jua la kaskazi likiwaka inakuwa nzito kuanzia saa nane mchana, usinunue kitu chochote bado. Hilo ni joto. Chini ya grafu ya CPU pana namba ya Speed, na pembeni yake Base speed. Wakati wa kazi nzito Speed inatakiwa ilingane na Base speed au iipite. Ikishuka chini yake, kwa mfano prosesa ya 3.2 GHz ikawa inakwenda kwa 1.6 huku kazi ni nzito, prosesa inajipunguza yenyewe isiungue. Programu ndogo ya bure kama Core Temp au HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto zenyewe. Chumba cha nyuzi 31 bila ya kipupwe, mashine ikiwa haina kazi, 40 hadi 50 ni kawaida. Kwenye kazi nzito 70 hadi 85 inavumilika. Kikomo chenyewe kiko kati ya 90 na 105 kutegemea aina ya prosesa, na ukiona inagusa 95 fungua kasha.

Ndani utakuta kipoza joto, lile bonge la alumini lenye mapezi na feni juu yake. Nyumba za Mji Mkongwe zina vumbi lake maalumu: chokaa inayobanduka kutani. Ikichanganyika na unyevu wa bahari hushikana katikati ya mapezi mpaka ikawa kama kipande cha blanketi la kijivu, na feni inazunguka mbio bila ya kupitisha hewa. Izuie feni kwa kidole isizunguke, kisha litoe vumbi kwa brashi laini ya rangi na pampu ya kupulizia, ukianzia upande wa ndani kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi na maji. Pesti iliyo baina ya prosesa na kipoza joto, baada ya miaka kumi, huwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kuisafisha na kutia mpya peke yake hushusha joto kwa nyuzi kadhaa, na mara nyingi habari ya prosesa mpya huishia hapo.

Kwa nyumba za ufukweni, tizama pia vichwa vya skurubu na migongo ya soketi za nyuma. Ukiona ukungu wa kijani au weupe wa unga, chumvi imeshaanza kula, na mazabodi hiyo haistahili kununuliwa prosesa mpya.

YouTube na video za harusi

Malalamiko mawili yanafanana kwa nje na hayafanani kwa ndani. La kwanza ni YouTube inayokatakata wakati intaneti ni nzuri na CPU imefika 90. YouTube hupeleka video zake nyingi kwa VP9 au AV1, ambazo ni njia za kuzibana video. Intel kabla ya kizazi cha 7 hazina sehemu kamili ya kufungua VP9 ndani ya sehemu yao ya picha, na AV1 ilianza kufunguliwa hivyo kwenye kizazi cha 11. Mashine ya kizazi cha 3 hulazimika kuifungua kwa nguvu za viini. Dawa yake haigharimu kitu: shusha video iwe 720p, au tia kwenye kivinjari kiongezi kinachoilazimisha YouTube ipeleke H.264, ambayo hata mashine ya 2012 huifungua kwa wepesi.

La pili ni la anayekata video za harusi nyumbani. Simu za sasa nyingi hurekodi kwa H.265 ili zibane nafasi. Kizazi cha 3 na cha 4 hazina pa kuifungua, ndiyo maana video ikiwekwa kwenye programu ya kuhariri inaruka kama kanda mbovu. Jaribu kwanza kubadilisha mpangilio wa kamera ya simu urekodi H.264. Lakini kutoa video ya saa mbili ni kazi halali ya prosesa. Viini vyote hufanya kazi, na kila uzi unaouongeza (uzi ni njia ya kazi, kiini kimoja huweza kuwa na mbili) unaupata faida yake. Huyu ndiye mtu ambaye swali la kubadilisha linamhusu kweli. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA anayeandika ripoti, au mtoto wa skuli anayesoma PDF, swali lake limeshajibiwa na SSD.

Soketi ndiyo yenye kauli

Umepima na prosesa ndiyo iliyokwama. Sasa ujue mazabodi yako inakubali nini. CPU-Z, programu ya bure, itakuandikia jina la prosesa, soketi (kitako inapokaa prosesa) na chipseti (chipu za mazabodi zinazoihudumia). Kwa Intel, kizazi cha 2 na cha 3 hukaa LGA1155, cha 4 LGA1150, cha 6 na cha 7 LGA1151, cha 8 na cha 9 pia LGA1151 lakini kwa chipseti za namba 300, cha 10 na cha 11 LGA1200, cha 12 mpaka cha 14 LGA1700. Kuanzia Oktoba 2024 Core Ultra 200S zimehamia LGA1851. Kwa AMD, Ryzen 1000 mpaka 5000 ni AM4, na 7000 kuendelea ni AM5, inayotaka DDR5 tu.

Jina la soketi halitoshi. i5-8400 inakaa barabara kwenye soketi ya OptiPlex 7050, na haiwaki. Mfano mwengine unaowatia watu hasara: HP Compaq 8200 Elite na 8300 Elite ukiziweka pamoja utadhani mapacha, na zote ni LGA1155. Ya 8300 ina chipseti ya Q77, inachukua i7-3770 bila ya maneno. Ya 8200 ina Q67, nayo kizazi cha 3 haikitaki kabisa, mwisho wake ni i7-2600. OptiPlex 790 na 990 ni vivyo hivyo mbele ya 7010. Ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji, tia namba ya mashine iliyo kwenye stika, usome orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Isiyomo kwenye orodha usiinunue hata muuzaji akila kiapo.

Herufi ya mwisho ya jina nayo isome vizuri. F, kama i3-12100F au i5-10400F, haina sehemu ya picha ndani yake. Kama huna kadi ya picha, skrini itakuwa nyeusi na utadhani umeuziwa kitu kibovu. T ni ya umeme mdogo, watt 35 kwa nyingi, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye yale makasha madogo kama kitabu. Ukiitia humo ya watt 65 au 84, kipoza joto chake hakiiwezi. K ni ya kuongezewa kasi, na kwenye mazabodi za ofisini huna pa kuitumia sifa hiyo. Laptopu zilizo nyingi tangu kama 2014 zina prosesa iliyochomelewa kwenye mazabodi, na kwa hizo mjadala umekwisha.

Ukuta wa Windows 11

Msaada wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mtumiaji wa nyumbani aliyejiandikisha kwenye mpango wa ziada, masahihisho ya usalama yanafika Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, au Ryzen 2000 kwenda mbele, kwa mabadiliko machache huku na huku. Ukitoa i3-3220 ukatia i7-3770, utapata kasi ya mara mbili au zaidi kwenye kazi ya viini vyote, kwa sababu viini vinatoka 2 kwenda 4 na nyuzi 4 kwenda 8. Ukitoa i5-3470 unapata theluthi hivi tu, kwa kuwa viini ni vile vile 4, kilichoongezeka zaidi ni nyuzi. Katika hali zote mbili bado uko upande ule ule wa ukuta.

Kwa hiyo kwa wenye kizazi cha 2 mpaka cha 7, ushauri wetu ni huu: prosesa ya juu kabisa ya soketi hiyo inunue pale tu ambapo bei yake, pamoja na pesti na ufundi, haizidi theluthi ya bei ya mashine nzima ya kizazi cha 8 iliyotumika. Ikizidi, weka pesa. i5-8500 ina viini 6 na inafanya kazi ya i5-3470 karibu mara mbili, na inakuja na kasha lake, ramu ya DDR4 na njia ya Windows 11. Na ukiona mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa rahisi ghafla, zimepambwa stika mpya, jua kwa nini: maofisi ya nje yanazitoa kwa sababu ya ukuta huo huo. Si mbaya kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Kwa anayetaka Windows, ananunua tatizo la mwenzake.

Upo upande ambao hatusemi usubiri. Mwenye mazabodi ya AM4 yenye Ryzen 3 1200 au Ryzen 5 1600 ana bahati ambayo wengi hawaijui. Mazabodi nyingi za 2017, hata za A320, zilipata BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) ya kukubali Ryzen 5000 mwaka 2022. Ryzen 5 5600, viini 6, nyuzi 12, watt 65, inakaa kwenye soketi ile ile na ramu ile ile. Na tofauti na mwenye LGA1155, huyu kwa kubadilisha prosesa tu anauvuka ukuta, kwa kuwa 5600 imo kwenye orodha ya Windows 11, wakati 1200 na 1600 hazimo. Asiye na kadi ya picha, mfano mwenye 2200G, achukue 5600G, kwani 5600 haitoi picha. Vile vile mwenye LGA1700 na i3-12100 anaweza kupanda i5-12400 bila ya kugusa kitu kingine.

Kusubiri nako si bure. Watu wamezoea kwamba kila mwaka vitu hushuka bei, lakini tangu mwishoni mwa 2025 ramu imepanda vibaya duniani kote, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vya akili mnemba. Anayepanga kuhamia AM5 atainunua DDR5 mpya yote, na ramu ndiyo itakayomla, prosesa kidogo. Mwenye DDR4 nyumbani ana mali, asiiuze. Na kusubiri toleo jipya la kiwandani kwa kutarajia Darajani washushe bei ya lililopita kunachukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, kwani mzigo uliopo dukani ulinunuliwa Dubai au Kariakoo kwa bei ya zamani na mwenyewe anataka arudishe mtaji wake.

Dukani

Prosesa iliyotumika ni kitu cha kuaminika, haina sehemu inayosogea. Inayokufa zaidi ni mazabodi. Hata hivyo tizama mambo matatu. Jina lililochorwa juu ya bati liwe safi, na kusiwe na maneno ya "Intel Confidential", hayo ni ya vipande vya majaribio ambavyo BIOS nyingi huvikataa. Kwa AM4, igeuze uitizame kwa ubavu dhidi ya mwanga: miguu yote isimame kwa mistari iliyonyooka. Kwa Intel miguu iko kwenye soketi, prosesa yenyewe ina vidoa vya dhahabu tu, visiwe na mchubuko wala weusi. Bora zaidi ni kumtaka muuzaji aitie kwenye mashine yake mbele yako na afungue CPU-Z, maana bati huweza kubadilishwa jina.

Kwa i7 na i9 za kizazi cha 13 na cha 14 zilizotumika, kuwa mkali zaidi. Zilikuwa na ila ya kujipandishia volti ambayo Intel iliirekebisha kwa BIOS za Agosti na Septemba 2024. Iliyokwisha kuumia kabla ya hapo hairudi kwa BIOS mpya, itakuwa inaangusha programu bila ya sababu.

Ukiwa Wete au Chake Chake na kipande kinatoka Unguja kwa boti, mpelekee muuzaji picha tatu kabla: stika ya namba ya mashine, skrini ya CPU-Z yenye jina la mazabodi, na kipoza joto kilivyofungwa. Kurudisha kitu kisichofaa ni nauli mbili na siku mbili.

Siku ya kubadilisha

Tayarisha bisibisi ya nyota namba 2, spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi, karatasi za chujio la kahawa ambazo haziachi nyuzi, na pesti mpya. Saa moja inatosha.

Kwanza hifadhi faili zako pengine. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker au usimbaji wa kifaa (kufuli la siri la Windows), jambo la kawaida kwenye Windows 11. Ukibadilisha prosesa yenye TPM ndani yake, Windows itakudai namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Simamisha BitLocker, na hiyo namba, iliyomo kwenye akaunti yako ya Microsoft, iandike kwenye karatasi.

Halafu BIOS, na hii ifanywe prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Hapa ndipo mazabodi nyingi zinapouawa. Kuandika BIOS huchukua dakika tatu mpaka kumi, na umeme ukikatika katikati, mashine haitawaka tena mpaka chipu ya BIOS ipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kuiandika. Kwa hiyo chomeka kwenye UPS yenye betri nzima, ya VA 650 inatosha kwa mashine ya ofisini, na uijaribu kwanza kwa kuchomoa waya wake ukutani. Na kabla ya yote nenda kwenye mita ya Tukuza usome uniti zilizobaki. Watu hukumbuka kuogopa shirika la umeme ZECO kukata, wakasahau kwamba uniti zao wenyewe zimebaki 0.4 na friji linawaka. Kwenye AM4, baadhi ya BIOS mpya huondoa msaada wa prosesa za mwanzo ili zipate nafasi, hivyo soma maelezo ya toleo. Ikiwa yako ni hivyo, ukishaandika usitarajie ya zamani iwake.

Pasha mashine moto dakika kumi kwa video yoyote, uizime, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki utoke. Fanya kazi juu ya meza ya mbao au mkeka wa ukindu, si zulia la nailoni, na ushike chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu. Skurubu nne za kipoza joto zilegeze kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Sasa usivute juu. Kizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka pesti iachie. Kwenye AM4 hili ndilo linalovunja watu moyo: pesti iliyokauka hung'ang'ania, mtu akavuta, prosesa ikachomoka na kipoza joto huku kufuli la soketi bado limefungwa, na miguu ikalala. Ndiyo sababu ya kupasha moto.

Fungua mkono wa soketi, toa prosesa kwa kuishika pembeni. Pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya mpya ikutane na alama ya kona ya soketi, na uiachie ianguke kwa uzito wake. Haisukumwi. Kufunga mkono wa Intel kunataka nguvu na kunatoa sauti ya kukwaruza inayotisha, hiyo ni kawaida. Usiguse vijiti vya soketi kwa kidole wala kwa kitambaa. Safisha kipoza joto kwa spiriti mpaka karatasi itoke nyeupe, tia tone la pesti la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, usilipake, mgandamizo utalitandaza. Funga skurubu tena kwa mshazari, rudisha waya wa feni kwenye pini zake zile zile. Dell ikikosa feni yake huandika onyo na kukusimamisha.

Washa na uingie BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre. Jina la prosesa mpya liwepo na ramu iwe kamili. Ikiwa skrini ni nyeusi, anza na yale ya aibu: waya wa umeme wa prosesa wenye pini 4 au 8 umesahauliwa, au ramu imelegea. Kisha toa betri ya CR2032 dakika tano na uirudishe, ili mipangilio ya zamani ifutike. Ikiwa inawaka lakini GB 8 zinasomeka 4, usikimbilie kulaumu ramu. Kwenye LGA hiyo ni dalili ya kipoza joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwengine, au kijiti cha soketi kilichopinda. Legeza, kaza upya kwa usawa, ndipo utafute tochi na lenzi.

Fanya kazi nzito ya kweli kwa nusu saa huku ukisoma joto, saa nane mchana, si usiku. Prosesa ya zamani itie kwenye kijisanduku cha plastiki ilichokuja nacho mpya, uiweke kabatini mwezi mmoja pamoja na bisibisi.